Asubuhi moja haikuponyi kisukari

"Daktari, leo nimepima kabla ya kula, 5.4. Kisukari kimeisha, dawa nimeacha." Maneno haya nayasikia kliniki mno, na yananiumiza, kwa sababu wengine hurudi wakiwa na kidonda mguuni. Hiyo 5.4 ni sukari ya dakika ile tu, tena huenda ni dawa ya jana ndiyo iliyoishusha.

Viwango vya kugundua ugonjwa vinajulikana: sukari ya 7.0 mmol/L au zaidi ukiwa umekaa bila kula kwa saa 8, au 11.1 au zaidi saa 2 baada ya kunywa gramu 75 za glukosi. Au HbA1c, kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari, ya 6.5% au zaidi. Huna dalili? Kipimo kirudiwe. Na kiwe cha maabara, damu ya mshipani. Glukometa, kimashine cha kupimia sukari kwa tone la damu ya kidole, ni ya kufuatilia. Hata iliyo nzuri huweza kupotoka kwa asilimia 15, juu au chini. Kidole kikiwa na maji ya tunda, itakusomea sukari ya tunda. Nawa kwa maji na sabuni, kausha, ndipo uchome.

HbA1c ndiyo inayowaumbua wanaojinyima siku tatu kabla ya kliniki. Sukari hunata kwenye hemoglobini iliyo ndani ya chembe nyekundu za damu, na chembe hizo huishi siku zipatazo 120, kwa hiyo tunaona wastani wa miezi 2 hadi 3. Lakini nayo siiamini kwa macho yaliyofumbwa. Mwenye sikoseli, au aliyeongezewa damu karibuni, anaweza kupata jibu zuri la uongo. Upungufu wa madini ya chuma nao huweza kulipandisha. Halafu wastani huficha mengi: 7% ya anayepanda hadi 15 na kushuka hadi 3 si sawa na 7% ya aliyetulia, ingawa karatasi inawaonyesha kama mapacha. Ndiyo maana nataka uniletee daftari lenye namba zote, hasa zile mbaya, na za saa 2 baada ya chakula.

Wapo ambao kisukari chao cha aina ya pili hutulia kweli, mara nyingi baada ya kupunguza uzito sana. Hao tunawatambua kwa HbA1c iliyo chini ya 6.5% miezi 3 au zaidi baada ya dawa kusimamishwa, na tunaendelea kuwapima kila mwaka, kwa sababu kisukari huweza kurudi.