Ndege nzima, mlima mbele: ajali za mawinguni zinavyotokea

Ikisikika habari kwamba ndege ndogo imegonga mlima, wengi hudhani injini ilizima. Mara nyingi sivyo. Katika ajali nyingi za aina hii injini inanguruma vizuri, mafuta yapo, na rubani ameshika usukani akiamini mbele yake ni kweupe. Mlima anauona akiwa amechelewa, au hauoni kabisa.

Tarehe 5 Juni 2018, ndege aina ya Cessna 208 Caravan iliyotoka Kitale kwenda Nairobi iligonga safu ya milima ya Aberdare, Kenya. Watu wote 10 waliokuwamo walifariki, na kwa sababu ya hali mbaya ya hewa mabaki yake hayakufikiwa hadi asubuhi ya tarehe 7. Miaka 12 kabla, tarehe 10 Aprili 2006, ndege ya jeshi iliyobeba viongozi waliokuwa katika safari ya amani ilianguka mlimani karibu na Marsabit, nako hali ya hewa ikiwa mbaya. Kati ya watu 17, 14 walifariki.

Inafaa kuelewa wingu la mlimani linatoka wapi. Upepo ukikutana na mlima hulazimika kupanda, na hewa inayopanda hupoa, kwa kadiri ya nyuzi moja ya Selsiasi kila mita 100 kabla haijaanza kufanya wingu. Ikipoa vya kutosha, mvuke wake hugeuka wingu palepale kwenye mteremko. Ndiyo maana tambarare zinaweza kuwa na jua pande zote mbili huku kilele kimefunikwa. Kiwanja cha kuondokea kinaripoti hewa safi, cha kutua vilevile, na hatari imekaa katikati ya safari, mahali ambapo pengine hakuna kituo cha kupima hali ya hewa.

Rubani anayeruka kwa kutazama nje hufika hapo na kukuta wingu liko chini kuliko alivyotarajia. Anashuka kidogo ili abaki chini yake. Ardhi nayo inapanda. Anashuka tena. Kila hatua peke yake inaonekana ndogo na ya busara, lakini nafasi kati ya wingu na miti inazidi kubana, na bonde linazidi kuwa jembamba. Kwa mwendo wa kilomita 185 kwa saa, ndege iliyolala upande kwa nyuzi 30 inahitaji karibu kilomita moja ya upana ili igeuke na kurudi ilikotoka. Bonde likiwa jembamba kuliko hapo, hakuna kurudi. Kwa hiyo marubani wazoefu wa milimani hawapiti katikati ya bonde. Hushika upande mmoja ili ule mwingine uwe nafasi ya kugeukia.

Muda nao ni mfupi mno. Ndege inayokwenda kilomita 280 kwa saa humaliza kilomita moja kwa sekunde 13 hivi. Humo rubani aone, atambue, aamue, ndege iitikie. Kanuni za kimataifa, kwa ndege inayoruka kwa kutazama nje chini ya futi 10,000, kwa kawaida hutaka rubani aweze kuona umbali wa kilomita 5. Wapo wanaoiona kanuni hiyo kama usumbufu wa makaratasi. Mimi naiona ndiyo uhai wenyewe.

Na akiingia wingini? Mwaka 1954 watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, waliwajaribu marubani 20 wasio na mafunzo ya kuruka kwa kutegemea vyombo peke yake. Walipozibiwa mandhari ya nje, wote walipoteza udhibiti wa ndege, kwa wastani ndani ya sekunde 178. Sikio la ndani, linalotupa hisia ya wima na mlalo, hudanganywa kirahisi macho yanapokosa upeo wa macho.

Vifaa vimesaidia sana. Mhandisi Donald Bateman, mzaliwa wa Kanada, ndiye aliyebuni mfumo wa kumwonya rubani kuwa ardhi inakaribia, na mifumo ya kisasa ya aina hiyo ina ramani ya vilele ndani yake. Shida ni kwamba ndege ndogo hupita karibu na milima kila siku, king'ora hulia hata pasipo hatari, na rubani aliyechoshwa nacho anaweza kukizima. Kizime siku moja ya wingu, kinga imekwisha.

Sehemu inayoniuma zaidi haiko ndani ya chumba cha rubani. Ni ile simu ya kuuliza mbona bado hamjaondoka. Ni mgeni mashuhuri anayetazama saa, au aliyekodi ndege anayekumbusha kuwa amelipa. Shinikizo hilo rubani hupanda nalo angani, na ndilo humfanya ashuke futi mia nyingine badala ya kugeuza. Ukikodi ndege ya kuvuka milima, acha siku ya akiba katika ratiba, mwambie rubani kabla hajawasha injini kwamba akirudi hutamlaumu, na umuulize ana njia gani nyingine wingu likiwa limeshuka. Akikosa jibu la swali hilo la mwisho, usipande.