Usiniigizie Mama wa Nyando

Naomba tulimalize hili la kuchanganya habari ya jukwaani na maigizo, maana limenichosha. Tukienda kuomba ukumbi hapa Kisumu, swali la kwanza ni "mnaleta drama gani?" Tukiwaalika wanahabari wenzetu, wanataka kujua nani anacheza nafasi ya nani. Na majuzi mtu wa fani hii hii, mwenye kadi ya uanahabari mfukoni, amenishauri kwa nia njema kabisa: "Madam, si mtafute tu waigizaji wazuri pale mtaani Kondele, halafu muongeze chumvi kidogo? Ni steji, watu wataelewa."

Hawataelewa, na hatuna haki ya kuwataka waelewe. Habari ya jukwaani ni habari. Aliyesimama pale mbele ndiye aliyekwenda, akauliza, akaandika kwenye daftari, akarudi. Anasimama kwa jina lake, na kila sentensi imepita kwa mhariri ikahakikiwa kama makala yoyote ya gazeti. Tofauti ni kwamba msomaji amekaa hatua chache mbele yake, anamtazama machoni.

Mkanganyiko huu una historia. Nchini Marekani, wakati uchumi umeporomoka, serikali ilianzisha mradi wa kitaifa wa tamthilia mwaka 1935 ili kuwapa riziki wasanii waliokosa kazi. Ndani yake kukawa na "magazeti hai": taarifa zilikusanywa kama za gazeti, kisha waigizaji wakazicheza, huyu mkulima, yule jaji. Toleo lililokusudiwa kuwa la kwanza, kuhusu Italia kuivamia Ethiopia, lilizimwa mwaka 1936 kwa sababu wakubwa hawakutaka viongozi wa nchi za nje waigizwe jukwaani. Mwaka 1939 bunge la Marekani likaukatia mradi wote fedha. Naiheshimu kazi ile, lakini ukoo wetu ni mwingine. Sisi tumetokana na akina Pop-Up Magazine, walioanza San Francisco mwaka 2009: wanahabari na wapiga picha wakisimulia wenyewe, bila kurekodiwa. Paris kuna Live Magazine. Helsinki, gazeti la Helsingin Sanomat liliwapandisha waandishi wake kwenye jukwaa la Tamthilia ya Taifa mwaka 2016. Hao ni waandishi wanaosimulia kazi zao, wala hakuna anayecheza nafasi ya mtu.

Taa, projekta na kipaza sauti vinafundishika kwa alasiri moja. Simulizi lisizidi dakika 10. Tuendelee.

Kinachoniudhi ni sauti. Chukua mama wa uwanda wa Nyando aliyefurikiwa mwaka 2020, mwaka ambao Ziwa Victoria nalo lilipanda hadi kuvuka rekodi ya 1964. Mwandishi anarudi na simulizi lake, na siku ya mazoezi anaanza kulitoa kwa sauti ya mama: mgongo umepinda, Kiswahili kimejaa lafudhi ya Kijaluo, kilio kinakuja mahali palepale kilipokuja kwa mama. Anadhani amemheshimu. Lakini kwa masikio ya Mkenya, lafudhi iliyoigwa ni vichekesho. Tumelelewa na runinga iliyotufunza hivyo. Ukumbi utacheka. Utacheka hata pale anaposimulia mama alivyopoteza kila kitu, na mama mwenyewe hayupo kusema kwamba hajawahi kuongea namna hiyo.

Isitoshe, mama aliongea Kijaluo. Kile Kiswahili kibovu unachomvalisha ni chako, si chake. Kwa lugha yake yeye ni msemaji fasaha kuliko wewe na mimi.

Kwa hiyo kanuni yetu ni moja: sema "aliniambia," tulia kidogo, kisha toa nukuu kwa sauti yako ya kawaida. Ikiwa ni lazima ukumbi umsikie yeye, basi tucheze rekodi yake mwenyewe, kwa ruhusa yake, tafsiri ikipita kwenye skrini. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 haisemi kwamba ukumbini uso na sauti ya mtu ni mali ya bure.

Sasa hiyo chumvi. Skripti ikisema "maji yaliingia yakinguruma", mhariri atauliza: nani aliyesikia ngurumo? Unafungua daftari, unakuta mama alisema maji yaliingia kimya kabisa, na kwamba alijua pale aliposhusha miguu kutafuta patipati zake akazikuta zinaelea. Mtu anayo patipati inayoelea gizani, bado anataka ngurumo! Ngurumo ni ya sinema zote alizowahi kutazama. Patipati ni ya nyumba ile, usiku ule.

Halafu kumbuka unaongea na nani. Ukitamka ukumbini Kisumu kwamba mto ulivunja kingo Jumatano usiku, huenda katika safu ya nne kuna mzee wa Ahero aliyekuwepo. Gazetini angeandika barua kwa mhariri, labda ichapishwe. Hapa anasimama na kukusahihisha mbele ya watu wote, na watu wetu hawaogopi kukatiza msemaji. Waliokulia kwenye ohangla, ngoma yetu ya Kijaluo, na pakruok, ile desturi ya kumkatiza mwimbaji kwa majigambo na sifa, wanajua kwamba shughuli si ya aliyeshika kipaza sauti peke yake. Mimi naipenda sana sehemu hii ya kazi. Ndiyo inayonifanya nihakiki hata rangi ya mlango.

Wapo wanaodhani kujiita mchezo kutatukinga. Aprili 2025, jijini Nakuru, kwenye tamasha la kitaifa la maigizo ya shule, wasichana wa shule ya Butere walikuja na mchezo, na polisi wakarusha vitoa machozi. Na wanaodhani kwamba kutorekodiwa kunamwondolea msemaji lawama, wajue kashfa ya mdomo nayo hufikishwa mahakamani.

Mashaka yangu yako kwingine. Sijui mpaka wa muziki uko wapi: orutu, ile fidla ya uzi mmoja, ikilia taratibu chini ya simulizi la mafuriko, je, nimemsaidia msikilizaji kusikia, au nimemchagulia la kuhisi? Sijui pia la kusema mwandishi anapotetemeka sauti usiku wa kwanza kwa uchungu wa kweli, kisha usiku wa pili akatetemeka kwenye neno lilelile. Hajadanganya. Lakini mwili umejifunza, na hapo ndipo ninapoona maigizo yakituingilia kwa mlango wa nyuma. Nimewashauri wengine wasome mahali hapo kutoka kwenye karatasi, bila kuinua macho. Huenda nalo limegeuka kuwa mbinu. Na linaloniuma zaidi: waliofurikiwa hawana nauli ya kuja mjini kutusikiliza.

Waigizaji wa Kondele tunawahitaji, ila si kwa kazi mnayoifikiria. Waandishi wetu wanameza mwisho wa sentensi, wanaongea na sakafu, hawajui kupumua kabla ya nukuu. Anayeweza kuwafundisha hayo aje kwenye mazoezi. Na kila mwandishi aje na daftari lake, si skripti peke yake.