Usisafishe santuri kwa spiriti: mambo ya kujua kabla ya kuigusa sauti ya Siti binti Saad

Tangu hifadhi yetu ilipotangaza kampeni ya kukusanya santuri za zamani za pwani, watu wameitikia kwa moyo mkunjufu, na tunawashukuru kwa dhati. Hata hivyo, baadhi ya santuri zimetufikia zikiwa zimeharibika siku chache tu kabla ya kukabidhiwa. Waliozihifadhi kabatini miaka na miaka walitaka tuzipokee zikiwa zinang'aa, wakachukua pamba na spiriti, wakafuta.

Santuri za mwendo wa 78, yaani mizunguko 78 kwa dakika, hazikutengenezwa kwa plastiki. Zimetengenezwa kwa shelaki, utomvu wa wadudu wa lakiri uliochanganywa na unga wa mawe. Fundi seremala anajua kwamba shelaki huyeyushwa kwa spiriti. Ndivyo anavyopata rangi ya kung'arisha kabati. Ukiifuta santuri kwa spiriti unaiyeyusha mistari yake, na sauti iliyo ndani ya mistari hiyo hairudi tena. Hakuna kompyuta ya kuirudisha, na tunaomba watu waache kutuuliza kama ipo. Vumbi liondoe kwa brashi laini iliyo kavu, ukifuata mzunguko wa mistari. Ukungu usiuguse kabisa, tuachie sisi. Na usiipige kwenye mashine ya santuri za kisasa za plastiki: sindano yake ni nyembamba mno kwa mistari ya 78, inashuka hadi chini na kukwaruza.

Siti, mwimbaji wa taarab wa Unguja, tunamtaja kwa jina kwa sababu santuri zake ndizo watu wanazotuulizia zaidi, na ndizo zilizozungukwa na maneno mengi yasiyo sahihi. Alizaliwa Fumba, Unguja, karibu na mwaka 1880, akapewa jina la Mtumwa. Baba yake alikuwa Mnyamwezi na mama yake Mzigua. Utumwa Unguja ulikuja kufutwa kisheria mwaka 1897, yeye tayari msichana. Alifinyanga vyungu, akavibeba kwenda kuviuza mjini, na sauti ya kunadi ndiyo iliyomtangulia. Mwaka 1911 akahamia mjini moja kwa moja. Huko akajifunza kuimba na wapigaji waliokuja kuwa kundi lake: Subeti, Mbaruku, Buda na Maalim Shaaban.

Si kweli kwamba Siti ndiye aliyeanzisha taarab. Tumelieleza hili mara nyingi, na bado linaandikwa hata kwenye mabango ya shule. Taarab ilikuwepo katika kasri tangu enzi ya Seyyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888 na kumpeleka Mohamed Ibrahim nchini Misri akajifunze muziki. Klabu ya Ikhwani Safaa iliundwa mwaka 1905, Siti akiwa bado Fumba. Kazi yake ilikuwa nyingine, na kwa maoni yangu ni kubwa zaidi. Muziki ulioimbwa kwa Kiarabu mbele ya wakubwa, yeye aliuimba kwa Kiswahili mbele ya wachukuzi, wauza samaki na wanawake waliowahi kuwa watumwa, nao wakajisikia wakitajwa. Wapo waliomtungia wimbo wa kumkejeli, kwamba ametoka shamba na kaniki na bila sauti asingekuwa na cha kula. Akajibu kwa wimbo.

Mwaka 1928 kampuni ya gramafoni yenye chapa ya His Master's Voice, ile yenye picha ya mbwa, iliwaita Siti na wenzake wavuke bahari hadi Bombay, India, kurekodi. Santuri hizo zikauzika mno pwani yote, na baada ya muda mfupi kampuni nyingine, zikiwemo Columbia na Odeon, nazo zikawafuata waimbaji wa Kiswahili. Mwanamke asiyejua kusoma wala kuandika aliwafungulia wengine mlango huo.

Sasa tazama santuri yenyewe. Upande mmoja wa santuri ya inchi kumi unachukua takriban dakika tatu. Mtaani, usiku, wimbo haukuwa na mpaka wa namna hiyo: beti ziliongezwa kwa jambo lililotokea siku ileile, wasikilizaji wakaitikia, mpiga udi akazunguka na kurudi. Bombay ilibidi zikatwe, au wimbo mmoja ugawanywe pande mbili. Kwa hiyo mtu anayesema bibi yake aliuimba na beti zaidi, na santuri "imekosea", aelewe kwamba bibi hakukosea na santuri haikukosea. Njooni na bibi pia. Tunazirekodi beti zake na kuziweka kwenye jalada moja na santuri, kwa namba moja.

Chukua kwa mfano Kijiti. Unasimulia mwanamke mjamzito aliyetoka Dar es Salaam kuja Unguja, akauawa. Muuaji akakimbilia Bara, na waliofungwa ni wanawake waliokuwa mashahidi. Jalada la mahakama litakuambia uamuzi. Wimbo unakuambia watu wa mitaani waliupokeaje uamuzi huo, na kwamba hawakuridhika. Kwa mtafiti wa mahakama za wakoloni, huo ni ushahidi kama karatasi nyingine yoyote, na mara nyingi ndio pekee wenye sauti ya watu wasioandika. Ndiyo maana tunakasirika, nasema wazi, tunapoletewa santuri iliyobanduliwa lebo ili lebo iwekwe kwenye fremu ukutani.

Lebo haibanduliwi. Wala usiandike juu yake, usiipige gundi, usiilowanishe. Pale karibu nayo, kwenye ukingo usio na mistari, kuna tarakimu zilizogongwa. Ukiinamisha santuri kwenye mwanga wa dirisha utaziona. Hiyo ni namba ya kalibu, yaani ya bamba lililotumika kuchapa santuri, na ndiyo inayotuwezesha kujua wimbo ulirekodiwa katika kikao kipi na kwa jaribio la ngapi. Unapotupigia simu, tusomee hiyo pamoja na namba ya lebo. "Santuri nyeusi ya zamani ya Siti" haitusaidii, kwa kuwa zote ni nyeusi.

Ukija, utajaza fomu ya makabidhiano nakala mbili. Chagua kimoja: zawadi, ambapo santuri inakuwa ya hifadhi, au azima, ambapo tunaigeuza kuwa faili la kidijiti na kukurudishia. Aliyechagua azima asikubali kuondoka bila nakala yenye mhuri na namba ya usajili. Bila namba hiyo hatuwezi kukukabidhi chochote, hata kama mpokeaji anakufahamu. Kama santuri ni ya mirathi, tunahitaji barua ya ridhaa ya warithi wengine, iliyosainiwa. Hili si urasimu. Limeshatokea ndugu kuja kudai kitu ambacho ndugu mwingine alikitoa.

Kuhusu haki, kumiliki santuri si kumiliki wimbo. Siti alifariki tarehe 8 Julai 1950, na wengi wanapiga hesabu ya miaka 50 kutoka hapo, wanahitimisha kwamba nyimbo zote ni za bure. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ya Tanzania Bara inahesabu kutoka kifo cha mtunzi, na nyimbo nyingi hazikutungwa na Siti peke yake. Kundi zima lilitunga. Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2003. Kabla ya kutia mdundo mpya na kuuza, ulizia ofisi ya hakimiliki ya upande wako, kwa maandishi, kwa kila wimbo. Aliyepewa nakala yetu kwa masomo akaipandisha mtandaoni kibiashara anafutiwa kibali cha kusoma, nakala zake zinarejeshwa, na suala linapelekwa kwa ofisi hiyo. Hatutoi onyo la mdomo kwanza.

Santuri iliyovunjika nayo ilete. Usiunganishe vipande kwa gundi, kwani gundi ikiingia kwenye mistari hatuwezi kuitoa. Kila kipande kiweke kwenye bahasha yake ya karatasi, si mfuko wa nailoni, kisimamishwe wima kwenye boksi gumu, na hata vile vidogo kama ukucha usivitupe.