Matarajio ya utendaji ni nini, na kwa nini "jitahidi" halimo

Kwenye geti la Marangu, mzigo wa mpagazi hupandishwa kwenye mizani kabla hajaanza kuupanda Mlima Kilimanjaro. Ukizidi kilo 20, unapunguzwa. Hapo hakuna ubishi kama mzigo ni mkubwa au wa kawaida. Namba inajulikana na mizani ipo. Matarajio ya utendaji ni kitu cha namna hiyo: maelewano, kabla kazi haijaanza, kuhusu kazi iliyofanyika vizuri inavyoonekana.

Watu huyachanganya na majukumu, na pia malengo. Majukumu husema mtu anafanya nini: dereva anapokea wageni. Malengo, au tageti kama tunavyozoea kusema, ni pale biashara inapotaka kufika mwisho wa mwezi. Matarajio yanaishusha kazi hadi siku ya leo: dereva awe mlangoni pa kutokea wageni pale KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, nusu saa kabla ndege haijatua, ameshika kibao chenye jina la mgeni, gari limeoshwa.

Nilijifunza hili kwa aibu. Nikiwa msimamizi wa hoteli ndogo Moshi, nilimwandikia dereva kwenye karatasi ya safari: "KIA, 2:00". Mgeni alitua saa nane mchana asikute mtu. Dereva alikuwa amefika saa mbili asubuhi, akangoja mpaka saa tano, akarudi. Nikamfokea mbele ya watu. Akaitoa karatasi mfukoni, akaikunjua taratibu: "Bosi, si umeandika saa mbili?" Mimi nilikuwa nasoma saa ya kizungu, yeye anasoma saa yetu, na karatasi ilikuwa upande wake.

Ndiyo maana "jitahidi", "changamka" na "usafi uwe mzuri" si matarajio. Ni maneno ya kutia moyo tu. Mtihani ninaoutumia ni huu: mfanyakazi anaweza kujikagua mwenyewe bosi akiwa hayupo? Chumba kiwe tayari saa 7 mchana, shuka na taulo zimebadilishwa, bafuni hakuna unywele, balbu zote zinawaka. Hapo mhudumu anajua amemaliza au bado. Na usimuulize "umeelewa?", maana kwa heshima tu atakujibu "ndiyo bosi". Muulize, "Dada, nikiingia chumba namba 4 saa 7, nitakuta nini?" Jibu lake litakuonyesha ulichosema kweli, ambacho mara nyingi sicho ulichodhani umesema.

Sheria nayo imo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi taarifa za ajira kwa maandishi, maelezo ya kazi yakiwemo. Kanuni za utendaji bora za 2007 zinakwenda mbali zaidi: mtu akiachishwa kwa utendaji duni, huangaliwa kama alikijua kiwango kilichotakiwa, kama kiwango chenyewe kilikuwa cha haki, na kama alipewa nafasi ya kukifikia. Bosi anayefika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi, akiwa na sentensi moja tu, "huyu hafanyi kazi vizuri", ana kibarua kigumu.

Hilo la kiwango kuwa cha haki ndilo mameneja wengi hulipita haraka. Mwezi wa nne, masika yakikolea Moshi, shuka zilizoanikwa nyuma ya jiko zilikuwa zinashinda kutwa nzima bado mbichi. Mashine ya kukaushia hatukuwa nayo, na mimi nikaendelea kudai saa 7, mpaka mama wa dobi akaniletea shuka moja mkononi nishike mwenyewe. Mchana huohuo tulikaa na wahudumu, tukasogeza muda hadi saa 9 mpaka mvua zipungue, na mapokezi wakaambiwa wamweleze kila mgeni anapopiga simu.