Karatasi ya maabara ina herufi na namba: maswali kutoka Lamu

Pembeni ya namba yangu pameandikwa "H". Ndiyo nishaugua?

La. "H" ni kwamba kiwango kimepita mpaka wa juu, "L" kimeshuka chini ya mpaka. Mipaka yenyewe kwa kawaida huwekwa kwa kupima watu wenye afya, na kuwaacha ndani 95 katika kila 100. Hao watano waliobaki nje ni wazima vilevile. Ukipimwa vitu ishirini kwa mpigo, kimoja kutoka na herufi si jambo la kushtusha. Daktari hutazama kimepita kwa kiasi gani, na wewe unaumwa na nini.

Asalaam aleikum. Mwaka huu naambiwa nina taifodi kwa mara ya tatu, kila mara kwa kipimo cha Widal. Mbona haiishi?

Waaleikum salaam, dada. Swali hili hunisumbua moyo, maana watu wengi humeza antibiotiki wasizozihitaji kwa ajili ya kipimo hiki.

Widal imetumika tangu 1896. Tone la maji ya damu huchanganywa na dawa juu ya kibao cheupe, kikayumbishwa taratibu, na macho hutafuta punjepunje kama za maziwa yaliyokatika. Zikionekana, huandikwa "chanya". Lakini zile punje hazitokani na kijidudu kilichomo mwilini mwako leo. Zinatokana na kingamwili, yaani silaha ambazo mwili ulitengeneza, pengine miezi mingi iliyopita. Uliyepona unazo. Uliyechanjwa waweza kuwa nazo. Hata malaria yaweza kukidanganya kipimo. Na mwenye taifodi ya kweli, wiki ya kwanza, huweza kupimwa kisionekane kitu.

Kwa hiyo Widal moja, peke yake, haitoshi kukuita mgonjwa wa taifodi. Kipimo cha kuaminika zaidi ni kuotesha vijidudu kutoka kwenye damu. Damu hutolewa kabla hujaanza antibiotiki, hutiwa chupani, na majibu huchukua siku kadhaa. Muulize daktari kama kinapatikana, na uhakikishe umepimwa malaria pia. Homa ikiwa kali, au tumbo likakaza, usikae nyumbani kungoja majibu.

Nimemaliza dawa za malaria wiki iliyopita, kile kipimo cha haraka bado kina mistari miwili.

Vipimo vingi vya aina hiyo hushika protini ya kimelea, nayo hubaki damuni kwa wiki kadhaa hata kimelea akishakufa. Kama homa imerudi, omba damu itazamwe kwa hadubini. Hapo anaonekana mwenyewe, akiwepo.

Mama yangu alitoka Faza kwa boti alfajiri, akapimwa sukari ikaja 7.6 (mmol/L). Ana kisukari?

Kwanza muulize alikula nini. Kama alikunywa chai ya maziwa na mahamri mawili kabla ya kupanda boti, 7.6 haihukumiki kama sukari ya kufunga. Kufunga ni saa 8 au zaidi bila chakula wala kinywaji, isipokuwa maji matupu. Akiwa amefunga kweli, 7.0 kwenda juu ni kiwango cha kisukari, na asiye na dalili hupimwa tena siku nyingine kabla ya kuambiwa anacho. Mwenye kiu isiyoisha, mkojo wa mara kwa mara na kukonda, 11.1 au zaidi hutosha hata akiwa amekula.

Safari ijayo atie mahamri yake kwenye kikapu, ale akishatolewa damu. Kama tayari anatumia dawa ya sukari, aulize kwanza kabla ya kufunga.

Nina mimba ya miezi minane, kiwango cha damu (Hb kwenye karatasi) ni 10.1. Kabla ya mimba ilikuwa 12.4.

Mimba huongeza maji ya damu, kwa hiyo kushuka kidogo hutarajiwa. Hata hivyo, kwa miezi hii chini ya 11 ni upungufu, japo wako si mkali. Nenda kliniki wiki hii, usingoje siku za kujifungua, na uwaeleze kama vidonge vya madini ya chuma unavimeza au vinakutapisha. Ile karatasi ya 12.4 ichukue pia.