Kuwekewa vikwazo si kufungiwa kila kitu

Juzi kijiweni Mikindani mzee mmoja, kikombe cha kahawa mkononi, alitoa hukumu: "Urusi imewekewa vikwazo, mbolea yake haiuziki tena." Sivyo, mzee wangu. Machi 2022 Marekani yenyewe ilitoa kibali kinachoruhusu biashara ya mbolea, chakula na dawa na Urusi. Kinachokwama ni malipo. Mwezi huohuo Umoja wa Ulaya uliziengua benki 7 za Urusi kwenye SWIFT, mtandao ambao benki hutumiana maelekezo ya fedha. Benki nyingine zikaingia woga, hata kwa biashara iliyo halali. Mkulima wa korosho Tandahimba hali hiyo anaijua: mzigo uko ghalani, mnada umepita, hela haijaingia. Na korosho hakuna aliyeikataza.

Je, vikwazo vinafanya kazi? Hapo ndipo penye ubishi. Rhodesia, Zimbabwe ya leo, iliwekewa na Umoja wa Mataifa tangu Desemba 1966, lakini mafuta yaliendelea kupenya kupitia Afrika Kusini, na waziri mkuu wake, Ian Smith, akadumu hadi 1979. Mimi nasema vilimchosha. Kilichomng'oa ni vita ya msituni. Mzee akaagiza kashata, akahamia kwenye Simba na Yanga.