Mzimu: ni nani, au ni wapi?

Ukitoka Tanga mjini kwa barabara ya kwenda Horohoro, mwendo wa kilomita kama 8, unafika kwenye Mapango ya Amboni. Mle ndani, kwenye giza la mawe ya chokaa, kuna chumba kiitwacho Mzimu wa Mabavu. Watu huingia humo kuomba, hasa wanaotafuta mtoto, na huacha sadaka zao. Mgeni akiuliza, "Mzimu wenyewe uko wapi?", atapata majibu mawili na yote sahihi: mzimu ni yule anayeombwa, na mzimu ni pale anapoombewa. Pango, mbuyu mkongwe, kichaka kisichokatwa kuni, vyote huitwa mzimu kwa Kiswahili cha pwani. Kwa hiyo ukisema mzimu ni "roho ya marehemu" ukaishia hapo, nusu ya neno umeiacha nje.

Hata sarufi inanong'ona jambo. Mzimu huu, mizimu hii: neno limekaa ngeli moja na mti, mto na mlima. Shina lake ndilo lile la kuzimu na wazimu, na limetembea mbali sana, maana kwa Wasotho na Watswana, kule kusini mwa Afrika, Modimo ni Mungu mwenyewe.

Huku kwetu halikupanda hadi huko. Wasambaa na Wazigua humwita Mungu Mulungu, na huyo hana mwenzake. Ila kwa itikadi ya wazee, Mulungu hasumbuliwi kwa kila jambo. Ndoa isiyotulia au mtoto anayeuguaugua yalipelekwa kwanza kwa waliotangulia, kwa kuwa hao ni watu wa nyumbani: wana majina, wanaujua ugomvi wa ukoo, na wakisahauliwa hununa. Anayesema wazee "waliabudu mizimu" naona amekosea. Babu aliyekuwa akitengewa chakula kabla ya wengine, akifa anaendelea kutengewa. Heshima ni ileile.

Mwanatheolojia wa Kenya, John Mbiti, alilieleza hili mwaka 1969 kwa kuazima maneno yetu mawili, sasa na zamani. Marehemu anayekumbukwa kwa jina bado yumo ndani ya sasa. Akifa mtu wa mwisho aliyemfahamu, naye huzama katika zamani. Mbiti alidai pia kwamba Mwafrika wa jadi hakuwa na wakati ujao wa mbali, na hapo wengi wamempinga. (Mimi nami najiuliza: watu wasiojali yajayo walihitaji nini kuwa na keshokutwa, baada yake mtondo, kisha mtondogoo?)

Binadamu je, amewekwa wapi? Tazama neno ulimwengu. Wakaao ndani yake ni walimwengu, shina moja, kana kwamba dunia bila watu haikupata jina. Kule Usambaa fikra hiyo ilifika hadi kwenye mvua. Wasambaa husema kubana shi, yaani kuiharibu nchi, na kuzifya shi, kuiponya. Mfalme wa Wasambaa, aliyekaa Vuga, aliaminiwa kuwa na uwezo juu ya mvua. Akiwa na nguvu za kutosha na wapinzani wake wametulia, nchi hustawi. Wakuu wakigombana, kila mmoja akiionyesha nguvu yake, mvua hukatika na njaa huingia. Ukame, basi, haukuwa habari ya mawingu peke yake. Watu waliuliza nani kagombana na nani, na tambiko gani limeachwa.

Usichanganye mzimu na pepo. Pepo ni mgeni: humpanda mtu, hutaja anachotaka, hupungwa kwa ngoma. Mzimu wa ukoo ni wa kwenu, na mtu hampungi babu yake, hutambika, wakapatana.

Leo Tanga ni mji wa misikiti na makanisa, na mtu anaweza kwenda mzimuni na ubani wake, akaanza kwa Fatiha. Mwulize mzee kama hiyo ni dini, atakukatalia: "Hiyo ni mila, mwanangu." Dini na mila, maneno yote mawili tumeyapata kwa Waarabu. Mzimu na tambiko ni ya Kibantu.